Binti ananiuliza dagaa wamejuaje kuwa ziwa limefungwa. Nimkopee tableti?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kibirizi hapa Kigoma. Kazi yangu ni dagaa. Nanunua wabichi alfajiri mitumbwi ikirudi, naanika, nauza wakavu kwa wanaosafirisha. Baba watoto ni mvuvi. Mimi nimeishia darasa la saba, nakuambia mapema ili ujue unazungumza na nani.

Shida yangu ni huyu mtoto wa pili, binti wa miaka kumi na moja, yuko darasa la tano. Maswali yake yananimaliza. Yalianza mwaka 2024 serikali ilipofunga Ziwa Tanganyika miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, ili samaki wapumzike na kuzaliana. Sisi wakubwa tunahesabu unga uliobaki, yeye ananiuliza, "Mama, dagaa wamejuaje kuwa ziwa limefungwa?" Tulicheka mpaka machozi. Kumbe ndiyo kwanza anafungua duka. Kwa nini dagaa wanafuata taa? Kwa nini mbalamwezi ikiwaka sana baba hashuki ziwani, anashinda anashona nyavu? Mito inamwaga maji humu usiku na mchana, yanakwenda wapi? Mbona nikianika beseni zima, jioni navuna beseni lisilofika hata nusu, nusu nyingine kala nani?

Baba yake anamjibu anayoyajua. Yaliyomshinda anasema ndivyo Mungu alivyoumba. Mtoto anajibu, "Najua kaumba, ila kaumbaje?" Mama mkwe akisikia hivyo anasema huyu mtoto hana adabu, na mlezi ni mimi.

Shuleni nako hali si nzuri. Aliuliza swali kwenye somo la sayansi, mwalimu akamwambia asipoteze muda wa wenzake, hilo halitatoka kwenye mtihani. Simlaumu sana mwalimu, darasa limejaa na kitabu kimoja wanakigombea watoto kadhaa. Lakini tangu siku ile binti yangu darasani hanyooshi mkono. Maswali yote anayabeba mpaka nyumbani, ananitwika mimi ambaye sina majibu.

Sasa wiki tatu zilizopita alipita kijana anauza tableti. Anasema ndani mna sayansi yote, wanyama, sayari, majaribio, mtoto anajifundisha mwenyewe. Bei ni 280,000, unatanguliza nusu. Alituwashia tukaona dubu weupe wanatembea juu ya barafu, binti yangu akaganda kama aliyemwagiwa hiyo barafu yenyewe. Fedha sina, ila kikoba wako tayari kunikopesha kwa riba ya asilimia kumi kwa mwezi. Mdogo wangu aliyeko Dar ananihimiza nikope, anasema mtoto wa Kigoma asiachwe nyuma kwa sababu ya uoga wa mama yake. Baba watoto anasema mtoto akishapewa kioo kapotea, hiyo fedha bora tuongeze taa za sola kwenye mtumbwi.

Simu yangu ni ya kupangusa, ndogo, imepasuka kona, bando naweka la wiki nikijaliwa. Nifanye nini, Shangazi? Sitaki huyu mtoto azimike.

Mama Muuliza Maswali,
Kibirizi, Kigoma

*

Marahaba, mwanangu.

Tumalize la fedha kwanza, maana nina wasiwasi unaweza kuwa umeshasaini. Usikope. Riba ya asilimia kumi kwa 280,000 ni 28,000 kila mwezi. Ukichelewa miezi sita umewapa 168,000 na deni lenyewe bado linakusubiri pale pale. Na wewe unajua kuliko mimi kwamba kwenye kila mwezi kuna siku za mbalamwezi ambazo beseni haliji nyumbani. Kikoba hakina mbalamwezi.

La pili, huyo kijana akirudi, mwambie azime data mbele yako, kisha afungue hayo masomo. Yasipofunguka, ujue anakuuzia mlango, bando la kuingilia utanunua wewe kila wiki. Yakifunguka, muulize yametungwa na nani na yako kwa lugha gani. Wapo wanaokusanya vitu vya bure mtandaoni, wanavijaza kwenye kifaa cha bei rahisi na kukiuza kwa bei ya elimu. Vitabu vya kiada vya shule za msingi, vile vile anavyogombea binti yako darasani, Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka kwenye maktaba yake ya mtandaoni, na kuvisoma ni bure. Unaweza kuvifungua hata kwenye hiyo simu yako iliyopasuka kona. Maandishi yatakuwa madogo na macho yatauma, hilo sikufichi, lakini sura moja ya kitabu cha sayansi kwa bando la wiki inawezekana.

Sina ugomvi na tableti. Kama mdogo wako wa Dar ana uchungu hivyo na mpwa wake, anunue yeye, mshukuru na muipokee. Ugomvi wangu ni na yule dubu. Binti yako aliuliza habari za dagaa, akajibiwa dubu wa Aktiki. Ni mnyama mzuri, mimi pia nampenda, ila hawezi kumgusa wala kumpima, na kesho hatamkuta nyuma ya nyumba. Swali alilouliza lina maabara yake tayari, urefu wake kilomita 670 na kitu, na mnafulia pembeni yake.

Kwa hiyo fedha itumie hivi. Nunua kaunta buku moja nene, penseli, rula na kamba ya katani. Mizani nadhani unayo, maana ni mfanyabiashara. Kama unapima kwa sado, azima mizani kwa jirani siku mbili. Jumla haifiki hata riba ya mwezi mmoja ya ule mkopo.

Tuanze na nusu ya beseni iliyoliwa. Usimjibu. Apime mwenyewe kilo moja ya dagaa wabichi asubuhi kabla hujaanika, aandike tarehe, saa na hali ya jua. Hiyo kilo muitengee kona yake kwenye chanja, msiichanganye. Kila baada ya saa tatu aipime, aandike. Siku ya jua kali atapata namba zake, siku ya mawingu atapata nyingine, na ikinyesha mkakimbiza dagaa ndani, hiyo pia aandike, asione aibu nayo. Mwisho atakuta kilo yake imebaki kama robo na ushee. Hapo ndipo umwambie: robo tatu hivi ya uzito wa samaki mbichi ni maji, na jua limeyachukua.

Halafu weka beseni la maji matupu kando ya chanja hiyo hiyo, lichore mstari kwa ndani pale maji yalipofika, liache siku nne bila mtu kuligusa. (Kuku mtawafunga wapi sijui, hilo nakuachia.) Maji yatashuka chini ya mstari. Sasa mrudishe kwenye swali lake la mito. Malagarasi inamwaga, Ruzizi inamwaga kutoka kaskazini, mvua inanyesha juu ya ziwa lenyewe. Mlango wa kutokea ni mmoja, mto Lukuga upande wa Kongo, unaokwenda kuungana na mto Kongo mpaka bahari ya Atlantiki. Lakini sehemu kubwa ya maji ya Tanganyika haitokei Lukuga. Inapanda juu kama mvuke, kama ilivyotoka kwa dagaa wako na kwenye beseni lako. Mvua zikizidi miaka kadhaa mfululizo kuliko jua linavyochukua, ziwa linapanda na kula nyumba za pwani. Nyie wa Kibirizi hilo mmeliona kwa macho, hamhitaji kitabu.

Mtoto aliyepima hayo mawili mwenyewe, mtihani ukija ukamuuliza "mvukizo ni nini", hatatafuta neno la kukariri.

Sasa taa na mbalamwezi. Hapa baba yake ndiye mwalimu, na mimi namwongezea kidogo tu. Mchana dagaa wanashuka kwenye kina kukwepa wanaowala. Usiku wanapanda juu kufuata chakula chao, vijidudu vidogo vya majini vinavyoitwa planktoni, ambavyo navyo hupanda giza likiingia. Mvuvi anawasha taa, dagaa wanakusanyika, na migebuka inakuja nyuma yao kula. Enzi zetu zilikuwa karabai za mafuta ya taa, sasa ni taa za sola, lakini hila ni ile ile: mwanga mmoja katikati ya giza. Mwezi ukijaa, ziwa zima linakuwa na mwanga. Taa ya baba inakuwa kama kibatari kilichowashwa saa sita mchana, dagaa wanatawanyika, na mafuta ya injini hayarudi. Ndiyo maana baba anashona nyavu.

Lakini binti asiyachukue hayo kwa sababu Shangazi kasema. Kila usiku achore mwezi ulivyo, duara dogo tu kwenye kaunta buku, na asubuhi aandike pembeni mabeseni mangapi yameshuka kwenye mtumbwi wa baba. Afanye hivyo miandamo miwili. Mwandamo mmoja ni siku 29 na nusu, wazee wa Ujiji wanaoutazamia kila mwaka kwa ajili ya Ramadhani watamweleza kwa nini wakati mwingine ni 29 na wakati mwingine 30. Baada ya hapo akunje ukurasa akaone: miduara iliyojaa ina mabeseni mangapi, na yenye giza ina mangapi. Kuna siku hesabu itagoma. Usiku wa giza totoro na bado baba amerudi mtupu. Hapo aulize tena: upepo? injini? Hiyo siku iliyogoma ndiyo itakayomfundisha zaidi.

Na lile swali mliloliangulia kicheko. Dagaa hawajui lolote kuhusu tangazo la serikali. Hawahitaji kujua. Dagaa anakua haraka, na maisha yake ni mafupi, mwaka na kitu hivi. Kiumbe wa namna hiyo ukimpa miezi mitatu bila nyavu, wengi wanafika umri wa kutaga kabla ya kuingia kwenye beseni lako. Lakini swali la mtoto lina mkia wa maana kuliko alivyodhani: mvuvi wa Kigoma akilala, wa ng'ambo je? Ziwa hili ni la nchi nne, sisi, Kongo, Burundi na Zambia, na dagaa hana pasipoti. Mwambie kwamba viongozi wazima wanakaa vikao juu ya swali lake.

Kuna jambo moja kuhusu ziwa lenu ambalo nikilifikiria hata leo nywele zinanisimama. Kina chake ni mita 1,470. Ni viwanja vya mpira kumi na vitano hivi vilivyosimamishwa wima kimoja juu ya kingine, na duniani ni Baikal ya Urusi tu inayolizidi. Lakini samaki wanaishi kwenye kile kipande cha juu. Upande wenu wa kaskazini, ukishuka mita mia moja hivi, hewa ya oksijeni ndani ya maji inakwisha. Chini ya hapo ni maji tu, giza, hakuna dagaa wala mgebuka. Kwa nini? Kwa sababu maji ya juu yana joto, ni mepesi, na ya chini ni ya baridi kidogo, ni mazito, hayapandi. Hayachanganyiki.

Hili unaweza kumwonyesha jikoni. Chukua bilauri ya kioo, ijaze nusu kwa maji ya rozela yasiyo na sukari, yaliyopoa kwa jirani mwenye friji. Chukua maji meupe ya moto, lakini ya kiasi cha mkono kuvumilia, yasije yakapasua bilauri wala kumuunguza mtoto. Weka kijiko kigusane na ukingo, mimina juu ya mgongo wa kijiko polepole kabisa, kama unayemimina dawa ya kikohozi. Mekundu yatabaki chini, meupe yatakaa juu, na mpaka utauona. Yakoroge kidogo na kijiko, mpaka unapotea. Kwenye ziwa kijiko ni upepo, hasa ule wa kusini wa kiangazi, unaosukuma maji ya juu na kuruhusu ya chini, yenye virutubisho, yapande kulisha planktoni. Mwaka 2003 watafiti walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba maji ya Tanganyika yamepata joto na mchanganyiko huo umepungua, na chakula cha samaki kikapungua nao. Kwa hiyo baba watoto anaposema siku hizi ziwa limekuwa bahili, asifikiri ni wingi wa mitumbwi tu. Wingi wa mitumbwi upo. Na joto lipo.

Umeniambia kioo kinamtisha baba watoto. Basi mpe kazi: siku ya ziwa tulivu, mchana, amchukue binti yake mwendo mfupi mtumbwini, mtoto avae jaketi la kujiokolea na amekaa chini. Wabebe mfuniko wa sufuria uliopakwa rangi nyeupe, umefungwa kamba, na jiwe chini yake ili uzame. Kwenye kamba mpige mafundo kila nusu mita. Washushe wakihesabu mafundo mpaka mfuniko usionekane, waandike. Padri mmoja wa Italia, Angelo Secchi, alifanya hivyo hivyo na sahani nyeupe mwaka 1865, na mpaka leo wataalamu wa maziwa duniani wanatumia sahani yake. Siku ya kiangazi, mbali kidogo na ufukwe, hesabu ya mafundo itawashangaza. Warudie baada ya mvua kubwa karibu na mahali mto unapoingia. Mfuniko utapotea mapema, kwa sababu maji yamebeba udongo wa milimani ambako miti imekatwa. Ule udongo unakwenda kufunika mawe ya pwani ambako wale samaki wadogo wa rangi rangi wanakula na kulea. Wengi wao hawapatikani ziwa lingine lolote duniani, na baadhi, mama anabeba mayai na vitoto mdomoni mpaka vijitegemee. Mtoto wa Kibirizi anaweza kuwatazama wakifanya hivyo kutoka juu ya jiwe.

Juu ya jiwe, nimesema. Asisimame kwenye majani ya majini na maji yaliyotuama. Hapo ndipo konokono wa kichocho walipo. Na peke yake asiende, hata kama anajua kuogelea.

Tuje kwa mwalimu. Mwanangu, mimi nimeshika chaki miaka mingi, na nitakuambia jambo ambalo sijivunii. Niliwahi kumkalisha mtoto chini kwa ukali kwa sababu aliuliza kwa nini usiku bomba la chuma ni baridi kuliko ukuta. Nilikuwa na madaftari ya kusahihisha na jibu sikuwa nalo. Alikaa, hakuuliza tena mpaka anamaliza, na mimi nikafurahi kupata utulivu. Kwa hiyo usiende shuleni kugomba. Subiri kaunta buku ijae kurasa kumi na tano. Nenda siku mwalimu ana nafasi, umsalimie vizuri, umwambie, "Mwalimu, binti kafanya haya nyumbani, mimi sijui kama yako sawa, naomba umsaidie kutazama." Umempa heshima, na umempa somo lililokwisha andaliwa: namba za kweli za kuchorea grafu ubaoni. Asipopokea, hujapoteza kitu. Akipokea, mwambie pia kwamba Taasisi ya Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe wa Gombe, ina ofisi hapo Kigoma, na klabu zake za wanafunzi za Roots & Shoots zilianzia nchi hii hii, Dar es Salaam mwaka 1991, na wanafunzi 12. Kama shule yenu haina klabu, aulize namna ya kuanzisha. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, nayo ina kituo Kigoma. Mwalimu akiandika barua ya kuomba wanafunzi watembelee, inasikika kuliko ya mzazi.

Huyo Jane Goodall mwenyewe nataka binti amjue, na si kwa sababu ya umaarufu. Mashua zinazokwenda Gombe zinaondokea hapo hapo Kibirizi. Alifika Julai 1960, ana miaka 26, shahada hana. Alikuwa na darubini na daftari. Wakubwa wa serikali ya kikoloni hawakukubali msichana akae porini peke yake, basi aliyeandamana naye alikuwa mama yake mzazi. Miezi michache baadaye akamwona sokwe anachomeka kijiti kwenye kichuguu, anasubiri, anakitoa kimejaa mchwa, anakula. Mpaka wakati ule vitabu vilisema ni mwanadamu peke yake anayetengeneza na kutumia zana. Vitabu vikabadilishwa, kwa kitu kilichoandikwa kwenye daftari milima michache kutoka kwenye chanja zako. Shahada yake ya udaktari wa falsafa aliipata Cambridge baadaye, baada ya daftari. Alifariki Oktoba 2025.

Simu yako sasa, kwa kifupi. Hivyo vitabu vya Taasisi ya Elimu. Vipindi vya Ubongo Kids, vimetengenezwa hapa hapa nchini kwa Kiswahili na vinatoka kwenye televisheni, kwa hiyo hata kwa jirani anatazama bila bando. Akikua kidogo, Chuo Kikuu cha Colorado Boulder cha Marekani kina majaribio ya sayansi ya kuchezea kwenye kioo, yanaitwa PhET, bure, na baadhi yametafsiriwa kwa Kiswahili. Na kwenye kaunta buku aache safu moja tupu pembeni. Sekondari sayansi itakuja kwa Kiingereza, na kila neno jipya atakalolipata ataliandika mkabala na kile alichokipima. Nimeona watoto hodari wakizama kidato cha kwanza kwa sababu hiyo tu.

Baba watoto na taa zake za sola sina neno, ila aelewane na wewe, maana mwenye kuanika ni wewe.

Limebaki la mama mkwe. Mtume mtoto kwake na kaunta buku, amuulize ujana wake: samaki gani walikuwa wanaletwa pwani ambao siku hizi hawaonekani, waliitwaje, walikuwa na ukubwa wa kiasi gani kwa kipimo cha mkono, na mvua zilianza mwezi gani. Aandike kila kitu na jina la bibi juu ya ukurasa. Halafu akae chini, kwa sababu bibi akianza hatamaliza leo.